Mpira Mgumu na Upepo Wake

Mtu akisimama alfajiri penye soko la Kalerwe, saa ile magari ya ndizi yanapoingia Kampala, ataona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitazami tena: Toyota Noah, gari lililoundwa Japani kwa ajili ya baba, mama na watoto wao, limeng'olewa viti vya nyuma na kushindiliwa mikungu ya matoke hadi darini, na mipira yake imebonyea kama andazi lililokaliwa. Mwenye gari, akiihofia safari ya kesho, huenda Kisekka kwenye soko la vipuri kuuliza mpira "mgumu". Na kwa kuwa Waganda nao huuita omupiira, bei hupatana upesi, ila maana ya ugumu wenyewe ndiyo aghalabu haipatani.

Ubavuni mwa mpira wa kawaida wa gari hilo mmechorwa 195/65R15 91H. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni radiali, mtindo wa nyuzi uliosajiliwa na Michelin wa Ufaransa mwaka 1946, na rimu ni ya inchi 15. Ama H, ni idhini ya kwenda kilomita 210 kwa saa, karama isiyo na faida katika foleni ya Kibuye. Iliyobaki ni 91, ambayo si kilo bali ni daraja katika jedwali la kimataifa, na daraja hilo ni kilo 615 kwa kila mpira. Mpira ulioimarishwa wa kipimo kile kile huandikwa 95, yaani kilo 690, na kando yake XL au Reinforced. Kwa mipira minne, ziada ni kilo 300: mikungu 12, ukikadiria kila mmoja kilo 25.

Lakini kilo hizo hazikai ndani ya raba. Kinachobeba gari ni upepo, na nyuzi zilizoongezwa ni ruhusa tu ya kuutia upepo mwingi zaidi bila kupasuka. Kilo 690 zile hupatikana kwa ratili 42 za upepo kwa inchi ya mraba (psi). Ukiutia 36, kama mpira wa kawaida, utabeba zile zile 615, na fedha uliyozidisha umeitoa sadaka. Ukiutia pungufu zaidi, ubavu hukunjika kila unapogusa ardhi, na kukunjika huzaa joto, kama waya unaopindwa na kupinduliwa hata ukauchoma mkono. Joto hulegeza mshikamano wa raba na nyaya za chuma, na siku moja, katika jua la mchana njiani kwenda Masaka, ngozi ya mpira hubanduka yote.

Kamunye, yaani teksi za abiria za HiAce, zina mpira wao, 195R15C 106/104, ambao C yake ni alama ya magari ya biashara: kilo 950 ukifungwa peke yake, 900 ukifungwa wawili wawili, kwa ratili 65. Wenye Noah huutamani, maana rimu ni inchi 15 vile vile, ila ubavu wake ni mrefu mno na utakwaruza bodi. Na hata huo 95 hauziongezei springi wala breki nguvu yoyote; uzito ambao mtengenezaji ameuruhusu haubadiliki kwa sababu mpira umebadilika.

Upepo hupimwa mpira ukiwa baridi, kabla ya safari. Asubuhi moja, kwenye kibanda cha pampu, nilimsikia dereva aliyekwisha kufunga mipira minne mipya ya 95 akimwambia kijana, "Weka thelathini, ile ya siku zote." Kijana akaweka. Mzee mmoja aliyeketi juu ya rimu kuukuu akainuka taratibu, akauinamia ubavu wa mpira, akapangusa vumbi kwa kidole kilicholowa mate, akasoma maandishi kwa midomo bila sauti.

"Ongeza," akasema.