Namba za mipira zinasema nini?

Wanafunzi wenzetu, hapa Walikale tunasikia kila siku: weka mipira mikubwa, gari itashinda tope. Tusome kwanza namba. 195/65 R15 ni kusema: upana milimita 195, ubavu 65 kwa mia ya upana huo, R, namna nyuzi zilivyopangwa, janti, kile chuma cha katikati, inchi 15.

Mpira ukizidi kipimo unakwaruza bodi kwenye kona, na kipimo cha mwendo kinadanganya: gari inakimbia kuliko kinavyoonyesha. Hatari hiyo!

Hata Safari Rally ya Kenya, mwaka 2021, magari ya mbele yalitumia janti ya inchi 15 tu, na ubavu mrefu wa kumeza mawe. Kwa lami yaliwekewa 18.

Basi, kwa tope tutafute meno marefu, katika kipimo cha kiwanda.