Mtoto wa paka akikurupuka usiku, usiseme ana kichaa

Umelala katika chumba chako cha mabati mtaani Mathare na majirani wamekwisha nyamaza. Ghafla mtoto wa paka uliyemleta juzi ili akupunguzie panya anachomoka chini ya kitanda. Anapanda pazia, anaruka juu ya sufuria, anakunja mgongo huku mkia umefura, kisha anatimua mbio kana kwamba anafukuzwa. Baada ya dakika chache anatulia, anajilamba na kulala.

Wengi wakiona hayo huingiwa na hofu. Kuna wanaosema paka ameingiwa na jini, na wengine husema ameshikwa na kichaa. Wapo hata wanaomtupa nje usiku huo huo. Ukweli ni kwamba, mara nyingi, mnyama huyo ni mzima kabisa.

Sababu ya mbio hizo

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hata leo anapatikana katika mbuga za Kenya. Mnyama huyo huwinda peke yake, hasa machweo na alfajiri. Mchana hulala sana akiweka nguvu, kisha huzitumia kwa mbio fupi za kasi.

Mtoto wa paka amerithi tabia hiyo. Akiwa na umri wa wiki nne hivi huanza kucheza mieleka na ndugu zake, na afikapo wiki ya saba au ya nane huanza kurukia vitu vidogo vinavyosogea. Mchezo huo ndio shule yake. Hapo hujifunza kupima umbali, kutua kwa miguu na kunasa kwa makucha. Paka asiyecheza utotoni hukosa mazoezi hayo.

Sasa fikiria chumba kimoja ambacho mlango hufungwa asubuhi ukienda kazini. Paka hushinda amelala. Ukirudi jioni na kuzima taa, yeye ndipo nguvu zake zimejaa. Wengine pia hukurupuka mara tu wanapomaliza kwenda haja. Hilo pekee lisikutie wasiwasi.

Namna ya kumtuliza

Usimpige, kwani hataelewa kosa lake na ataanza kukuogopa. Cheza naye kwa dakika 10 au 15 kabla ya kulala, ukitumia kipande cha nguo kilichofungwa kwenye kamba au karatasi iliyofinyangwa. Kisha mpe chakula. Paka akishawinda na kula, hulala. Kamba hiyo iweke mbali ukimaliza, kwa maana akiimeza inaweza kuziba matumbo.

Usiwaruhusu watoto kumchezesha kwa mikono mitupu. Paka aliyezoea kuuma vidole akiwa mdogo ataendelea kuuma akiwa mkubwa. Zaidi ya hayo, hakikisha stovu, koroboi na jiko la makaa viko mahali asipoweza kuvifikia. Katika nyumba za mabati na mbao zilizosongamana, taa moja ikiangushwa inaweza kuteketeza ploti nzima.

Dalili za hatari

Hata hivyo, usipuuze kila jambo. Paka anayecheza hurudi katika hali yake ya kawaida, hula, na hukutambua. Paka mwenye kichaa cha mbwa hubadilika na habadiliki tena kuwa mzuri. Huenda akashambulia watu bila sababu au akajificha gizani, akadondokwa na mate, akashindwa kumeza, sauti yake ikabadilika na miguu ya nyuma ikalegea. Hufa baada ya siku chache.

Paka anayetetemeka na kukakamaa pengine amekula sumu ya panya, au panya aliyekufa kwa sumu hiyo. Kwa hivyo, ukifuga paka usitege sumu. Mpeleke mgonjwa kwa daktari wa mifugo haraka.

Ukiumwa au kukwaruzwa

Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kutoka kwa mbwa karibu na Nairobi, na bado kinaua. Mwaka wa 2014 serikali iliweka mpango wa kukiangamiza ifikapo 2030. Mbwa ndio hukiambukiza zaidi, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza kukileta hadi kitandani mwako.

Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala pilipili. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, ili daktari aamue kama unahitaji chanjo. Ukianza kudungwa, maliza dozi zote. Virusi hivi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo huweza kuchukua miezi. Huo ndio wakati wa kujiokoa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Paka akitimiza miezi mitatu mpeleke achanjwe, kisha arudiwe kama daktari atakavyokuelekeza. Ukifanya hivyo, siku akikurupuka usiku utajua anacheza tu, nawe utageuka upande wa pili na kuendelea kulala.