Maji Taka ya Kebirigo: Dawa i Katika Mawe

Kebirigo haina uhaba wa mvua. Soko hili la Nyamira, lililozungukwa na mashamba ya majani chai, lina mabonde yenye chemchemi ambazo wakazi wamezitegemea kwa vizazi vingi. Lakini mashamba yamegawanywa yakawa vipande vidogo, nyumba za kupangisha zaongezeka, na maji ya jikoni na bafuni hayana pa kwenda ila kuteremka. Amwagaye juu humnywesha jirani yake wa chini.

Wengi hudhani kwamba dawa ya maji taka ni kemikali au mitambo ya mamilioni ya pesa. Sivyo. Wasafishaji hasa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu na kuzaana. Navyo hupenda kushikamana na kitu kigumu, vikafanya utando unaoteleza kama ule tuuonao juu ya mawe ya mtoni. Swali basi ni hili: tuvipe makao gani?

Jibu la kwanza lilikuwa mawe. Kufikia 1893, Waingereza walikuwa wakinyunyiza maji taka juu ya vitanda vya mawe. Karibu miaka mia baadaye, wataalamu wa Norwei walibuni vigurudumu vidogo vya plastiki vinavyozunguka ndani ya tangi linalopulizwa hewa. Mita moja ya ujazo ya mawe huvipa vijidudu nafasi ya mita za mraba 40 hadi 70. Vigurudumu hivyo hutoa takriban 500.

Hesabu hiyo yavutia, lakini tangi la vigurudumu lataka pampu ya hewa mchana na usiku. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, vijidudu hukosa hewa na uvundo hurejea. Kitanda cha mawe hujipatia hewa chenyewe kupitia mianya yake, na katika nchi ya miteremko kama hii maji hushuka bila kusukumwa. Kokoto ngumu zafaa. Vipande vya matofali yaliyochomwa barabara vyafaa pia. Jiwe la kuchongea vinyago la Tabaka halifai, kwa kuwa ni laini mno: husagika na unga wake ukaziba mianya.

Yapo masharti. Maji hayana budi kutulia kwanza katika tangi, na tope lake liondolewe kwa wakati, la sivyo kitanda kitaziba. Tena, maji yatokayo humo si ya kunywa, kwani viini vya maradhi havimalizwi na utando. Yaelekezwe kwenye udongo wenye nyasi za mifugo, mbali na chemchemi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya maji safi na usafi wa mazingira. Serikali ya kaunti yafaa ijenge kitanda kimoja karibu na soko, iyapime maji yaingiayo na yatokayo kwa mwaka mzima, wakati wa mvua na wa kiangazi, kisha iwatangazie wananchi matokeo. Yakiwa mema, asiidhinishiwe mchoro mwenye nyumba za kupangisha asiyeonyesha maji yake yatakwenda wapi.

Atalalamika kwamba ni gharama. Gharama ipo tayari. Tofauti ni kwamba leo hulipwa zahanati na mama aliyeteka maji bondeni.