Dawa, Mikono na Ahueni katika Nchi ya Chai

Katika mazungumzo ya kila siku, kupona ni ugonjwa kwisha, kama malaria inavyokwisha mgonjwa akimaliza dozi, lakini katika uuguzi wa afya ya akili neno linalofaa zaidi ni ahueni, yaani hali ya mtu kurudia maisha anayoyathamini, akifanya kazi, akilea watoto na kushiriki mambo ya jirani zake, hata kama dalili chache zimebaki na hata kama ataendelea kumeza dawa kwa miaka mingi. Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu huko ahueni hupimwa pia mahali ambapo vitabu vya tiba havipataji, nayo ni mizani ya majani ya chai.

Kampuni kubwa zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na tangu wakati huo riziki ya familia nyingi, za Wakipsigis wenyeji na za wafanyakazi waliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi, imetegemea vidole. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi lake kwa kidole gumba na cha shahada, huku mikono yote miwili ikienda kwa wakati mmoja, hujaza konzi, kisha hurusha majani nyuma ya bega yaangukie kikapuni, na kwa kuwa hulipwa kwa kilo, mkono uliopungua kasi ni mshahara uliopungua. Kuja kwa mashine za kuchumia, ambazo baadhi yake zilichomwa moto na waandamanaji huko Kericho mwezi wa Mei 2023, kumeongeza hofu ya mchumaji kuonekana mzito kazini.

Ni mikono hiyohiyo ambayo dawa huigusa. Dawa ya kwanza ya kutuliza saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti zisizokuwepo au kushikilia imani zisizolingana na uhalisi, ilikuwa klopromazini, iliyoanza kutumiwa na madaktari wa akili mjini Paris mwaka 1952, na haloperidoli ikafuata mwaka 1958. Zote mbili hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo, na hivyo sauti na hofu hufifia, ingawa utulivu unaoonekana siku za kwanza si ahueni bado, kwani imani potofu huchukua wiki kadhaa kulegea. Tatizo ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli, na ikizuiwa kupita kiasi mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, na wengine hupatwa na hali ya kutotulia hata wasiweze kuketi.

Mchumaji aliyefikwa na hayo huacha dawa, na jamaa husema amekaidi. Hukumu hiyo si ya haki, kwa maana mtu anayeona kilo zake zikipungua kila jioni ana sababu ya kweli ya kutupa vidonge, na kama hakuulizwa, hatasema. Hapo ndipo muuguzi anapohitajika kuliko wakati wowote. Humwomba mgonjwa anyooshe mikono mbele na kutanua vidole, kisha humshika kiwiko na kuukunjua mkono polepole, akihisi kama unalegea sawasawa au unakwama na kuachia kama meno ya gia, na akishagundua ukakamavu huo humwarifu daktari ili dozi ipunguzwe, dawa ibadilishwe, au benzheksoli, dawa ya kupunguza ukakamavu, iongezwe kwa muda na kwa tahadhari. Uchunguzi huo hauhitaji mashine wala maabara, na kuuruka ni kosa kubwa.

Shamba lina mengine ya kuangaliwa. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani, na Kericho, iliyo karibu na ikweta kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ina jua kali licha ya mvua na baridi yake, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya tiba. Anayetumia lithiamu kwa ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu katika msisimko mkubwa na kumshusha katika huzuni nzito, lazima anywe maji ya kutosha na apimwe damu mara kwa mara, maana akitokwa na jasho jingi, akitapika au akiharisha, dawa hujikusanya mwilini ikawa sumu.

Kwa anayeishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba, ambako nyumba zimebanana na jirani huona kila pakiti, sindano ya flufenazini, dawa nyingine ya saikosisi, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne humwondolea kazi ya kuficha vidonge, lakini nayo huweza kukakamaza mikono.

Mwaka uleule wa 1952 klopromazini ilipoanza kutumiwa, muuguzi Mmarekani Hildegard Peplau alichapisha kitabu kilichoueleza uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kuwa ndio kiini cha uuguzi, na uhusiano huo hauwezi kujengwa mgonjwa akiwa mbali. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kericho. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, na wajibu huo hautatimizwa mpaka muuguzi aliyesomea afya ya akili apatikane karibu na shamba, pamoja na dawa zisizokatika.

Baada ya shambulio la kwanza la saikosisi, dawa huendelezwa angalau mwaka mzima tangu dalili zitulie, na kuiacha ghafla huweza kuurudisha ugonjwa. Basi jamaa anayemsindikiza mgonjwa kliniki na abebe pakiti zote za dawa, zilizomalizwa na zilizobaki, na kabla ya kuulizwa kuhusu sauti na usingizi amweleze muuguzi jinsi mikono inavyofanya kazi.