Oili na Umri wa Gari

Wako ndugu zetu wenye teksi kuukuu wanaoamini kwamba oili mpya na ghali ndiyo dawa ya kila injini. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Oili ya 5W-30 ni nyepesi. Imekusudiwa injini za kisasa, ambazo nafasi baina ya vyuma vyake ni finyu. Injini ya Peugeot 504 ya miaka ya 1970 haikuundwa hivyo, na kulika kumezidi kuzipanua nafasi hizo. Humo oili nyepesi hupenya upesi, msukumo wake hushuka, na vyuma husagana.

Yafaa ieleweke kuwa namba iliyotangulia herufi W huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi. Inayofuata huonyesha uzito wake katika joto la nyuzi 100. Kwa joto la pwani yetu, 20W-50 huifaa injini ya namna hiyo. Lakini kuzidisha uzito ili kuficha moshi wa ringi zilizokwisha ni kujidanganya, kwani oili nzito mno huchelewa kufika juu injini inapowashwa asubuhi.

Basi kwanza kisomwe kitabu cha gari, kisha aulizwe fundi mwaminifu. Injini ya teksi ikifa, ni nyumba nzima inayokosa riziki. Oili na inunuliwe kwa haja ya injini, si kwa sifa za dukani.