Makweta Alipigiwa Kura na Nani?

Tarehe 1 Agosti 2010 wanachama wa CCM walikwenda kwenye matawi yao kupiga kura za maoni, na katika Jimbo la Njombe Kaskazini mzee Jackson Makweta akaanguka. Alikuwa bungeni tangu 1975. Mtu wa Kitandililo, ndani ya jimbo hilo, aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa akitimiza miaka thelathini na mitano bila kumjua mbunge mwingine wa kwao. Aliyemshinda ni Deo Sanga, mfanyabiashara wa Makambako anayejulikana zaidi kwa jina la Jah People.

Kigogo anapoanguka, maelezo huwa tayari midomoni: mzee kachoka, kawasahau watu wake, mwenzake kaja na pesa. Huenda yote yana ukweli. Lakini uzee haukumjia Makweta ghafla kati ya 2005 na 2010, na pesa haikuingia kwenye siasa zetu mwaka huo. Kilichokuwa kipya ni orodha ya watu walioruhusiwa kumpigia kura. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, na ili kupaelewa inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1975 CCM yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Tanzania Bara ilikuwa chini ya TANU, na ubunge uligombewa kwa utaratibu ulioanza 1965: majina yalipendekezwa wilayani, Halmashauri Kuu ya Taifa ikayachuja hadi yakabaki mawili, kisha mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wawili hao walizungushwa pamoja kwenye mikutano iliyosimamiwa na chama. Hakukuwa na mgombea kufanya kampeni zake peke yake wala kumwaga fedha zake. Siku ya kura, kila mtu mzima aliyejiandikisha alichagua, awe na kadi ya chama au asiwe nayo.

Watu wa leo huucheka utaratibu huo, na ni kweli kwamba mchujo wa juu ulikuwa na mkono mzito. Hata hivyo, haukuwa mchezo wa kuigiza. Katika uchaguzi ule wa kwanza wa 1965, Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa na wapigakura wa jimboni kwake. Uwaziri haukuwa kinga. Kwa hiyo Makweta alipovuka 1975, 1980, 1985 na 1990, alikuwa akihukumiwa na jimbo zima, mkulima wa mahindi asiye na kadi akiwemo.

Katika miaka hiyo jina lake lilivuka mipaka ya Njombe. Mwalimu Nyerere alimpa uenyekiti wa Tume ya Rais ya Elimu, na taarifa ya tume hiyo ya 1982 bado inatajwa kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapofufuka. Tume ilitaka Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Makweta mwenyewe alipata kuwa Waziri wa Elimu, na baadaye Waziri wa Kilimo. Kwa kipimo cha taifa, hiyo tume ndiyo kazi yake kubwa. Kwa kipimo cha kura, sidhani kama ilimwongezea nyingi huko vijijini, ambako mbunge huulizwa habari za barabara, mbolea na zahanati.

Vyama vingi vilirudi 1992, na hapa pana jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Mahali ambako CCM ina nguvu kama Njombe, ushindani wa kweli ulihamia ndani ya chama. Aliyeshinda kura za maoni na jina lake likapita vikaoni alikuwa ameshaufikia mlango wa Bunge. Na waliopiga kura hizo walikuwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, watu wanaoweza kuhesabika na kutembelewa nyumba kwa nyumba. Kwa maana hiyo, mkazi wa Kitandililo asiye na kadi alikuwa na sauti kubwa zaidi mbele ya jembe na nyumba kuliko mbele ya vyama vingi. Najua sentensi hiyo itawaudhi wengi, lakini sioni pa kuilainisha.

Mbunge mkongwe huwafahamu wajumbe wake kwa majina na kwa matatizo yao. Ndiyo maana mfumo huo humbeba. Ubaya wake ni kwamba watu wachache ni rahisi pia kununuliwa. Sheria ya mwaka 2000 iliiruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapigakura, Mahakama Kuu ikaifuta Aprili 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mwaka huohuo CCM ikaamua kura za maoni zipigwe na wanachama wote matawini, kwa hoja kwamba huwezi kuhonga wote. Wakongwe wakaanza kudondoka. Kule Mtera, John Malecela, waziri mkuu mstaafu, alishindwa na Livingstone Lusinde. Njombe Kaskazini ikawa zamu ya Makweta. Alifariki Novemba 2012, miezi michache baada ya Njombe kumegwa kutoka Iringa na kuwa mkoa.

Jimbo lake nalo halikudumu. Mwaka 2015 liligawanywa kuwa Lupembe na Makambako, Kitandililo ikaangukia Makambako, na Jah People akaenda na upande huo. Mwaka 2020 CCM ilirudisha kura kwa wajumbe, wakaumiza wengi hadi mtaani ukazuka usemi kwamba wajumbe si watu. Jah People akapona. Hilo linaitikisa kidogo hoja yangu, ila tukumbuke alikuwa amewahi kuwa Mwenyekiti wa CCM wa Mkoa wa Njombe. Wajumbe kwake hawakuwa wageni.

Kisha chama kikaongeza tena idadi ya wajumbe kwa kura za maoni za Agosti 4, 2025. Uchaguzi ulipokwisha, kiti cha Makambako kilikuwa cha Daniel Chongolo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM kati ya 2021 na 2023. Jah People alikuwa amekaa bungeni miaka kumi na mitano, chini ya nusu ya ile ya mzee aliyemtoa.