Kinachoua Mizizi ya Okidi ni Kukosa Hewa

Okidi inayopatikana zaidi madukani kwa ajili ya kupamba nyumba ni Phalaenopsis, ile yenye majani mapana yaliyolala na maua yanayokaa wiki nyingi bila kupukutika. Nyingi hufa kwa namna moja. Majani yananywea na kulegea, mwenye mmea anahisi una kiu, anaongeza maji, majani yanazidi kunywea, naye anazidi kumwagilia, mpaka siku moja anaugusa na shina linang'oka lenyewe. Hakukosea kuhusu kiu. Mmea huo kweli ulikuwa na kiu, tena ndani ya chungu kilicholowa chepechepe, kwa sababu mizizi iliyopaswa kunyonya maji hayo ilikuwa imeshaoza. Na kuoza huko kulianza kwa kukosa hewa. Hoja yangu ni kwamba atakayelishika jambo hili moja ataweza kuamua mwenyewe karibu kila hatua ya kuuokoa mmea, na atakayeliacha ataupoteza hata kama amezunguka maduka yote ya pembejeo akitafuta dawa.

Ushahidi wa kwanza ni mzizi wenyewe. Phalaenopsis za porini huishi juu ya miti katika misitu ya Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani, mizizi yao ikiwa imeshika gome na kubaki wazi kwenye upepo. Kila mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji ya mvua kama sifongo na kisha kukauka. Ukikauka, mzizi huonekana wa rangi ya fedha. Ukilowa, hugeuka kijani, kwa kuwa chini ya tabaka hilo kuna klorofili. Huu ni mzizi ulioumbwa kulowa na kukauka kwa zamu. Okidi zetu za Afrika zinasema hayohayo: Ansellia africana, inayoota kwenye matawi ya miti, pwani na bara, ina mizizi myembamba inayosimama wima ikielekea juu, ikinasa majani makavu yanayodondoka, na hakuna udongo wowote unaoizunguka. Sasa utie mzizi wa aina hiyo ndani ya tope. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole sana, takriban mara 10,000 polepole zaidi kuliko inavyosafiri hewani. Mzizi nao hupumua usiku na mchana. Nafasi zote zinapojaa maji na kubaki hivyo, seli huanza kufa, ndipo vimelea kama Pythium, Phytophthora na Fusarium hupata mlango. Mara nyingi ukungu tunaoulaumu umefika nyumba ikiwa imeshabomoka.

Wakulima wa Uingereza walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 okidi za nchi za joto zilisafirishwa kwa meli hadi kwao, zikafungiwa ndani ya nyumba za vioo zenye joto kali na mvuke mzito, zikafa kwa wingi. Miaka ya 1830, Joseph Paxton, msimamizi wa bustani za Chatsworth, alikuwa miongoni mwa waliobadilisha utaratibu huo kwa kupunguza joto na kuruhusu hewa ipite. Mimea ikaanza kuishi, na dawa za kuua ukungu tunazozitegemea leo zilikuwa bado hazijatengenezwa.

Kwa hiyo uokoaji huanza kwa kuutoa mmea kwenye chungu, na si kwa kunyunyizia kitu juu yake. Ondoa magome yote ya zamani, maana gome likikaa miaka miwili hivi huvunjika kuwa unga unaoziba njia za hewa. Tazama vilevile katikati ya mizizi: mimea mingi hutoka kitaluni ikiwa na kibonge cha kuvumwani au nyuzi zilizoshindiliwa, na kibonge hicho hubaki kimelowa hata pale sehemu ya juu inapoonekana kavu. Suuza, kisha pima kwa vidole. Macho hudanganya hapa, kwa sababu mzizi mzima unaweza kuwa umepakwa rangi ya kahawia na magome. Mzizi ulio hai ni mgumu unapoubinya. Uliooza ni teketeke, ngozi yake hubambuka na kuacha uzi mwembamba. Uliokufa kwa ukame ni mkavu na mtupu ndani. Kata yote iliyokufa mpaka ufikie sehemu ngumu, kwa kisu au mkasi uliopitishwa kwenye moto, na urudie kuusafisha kabla ya kugusa mmea mwingine, kwani virusi vya okidi huambukizwa na makali hayo. Acha vidonda vikauke kivulini kwa siku moja. Kata pia kikonyo cha maua, hata kama bado kina matumba. Hii ndiyo hatua inayowauma watu zaidi, lakini maua hutumia maji ambayo mmea usio na mizizi hauwezi kuyarudisha.

Chungu kipya kiwe kidogo, cha kutosha mizizi iliyobaki tu, na kiwe na matundu mengi. Kikubwa hubaki na maji mengi kuliko mizizi michache inavyoweza kunywa. Tia vipande vikubwa vya magome na mkaa. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa yanafaa pia, mradi yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa kuondoa chumvi. Usimwagilie kwa siku chache, usitie mbolea, uweke mmea kwenye mwanga usio na jua la moja kwa moja.

Hapo atatokea mtu aulize: mmea wenye kiu unanyimwaje maji? Jibu liko kwenye majani. Phalaenopsis hufungua stomata zake usiku na kuzifunga mchana, hivyo hupoteza maji kidogo, na majani yake manene yana akiba. Kivulini, penye unyevu hewani, mmea unaweza kuvumilia wiki kadhaa ukiwa na mizizi miwili au mitatu. Mwingine atasema misituni kwao hunyesha karibu kila siku. Ni kweli, ila maji hayo hutiririka na upepo hupita mara moja. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaolea okidi ndani ya maji matupu na zinachanua. Zipo, lakini mizizi yake iliota ikiwa imeshazoea maji, na walezi wengi makini huacha sehemu ya mizizi juu ya maji. Mzizi ulioota kwenye gome hauna maandalizi hayo. Kuhusu dawa za nyumbani, unga wa mdalasini unakausha kidonda, hivyo upake kwenye mkato peke yake, kwa kuwa utaukausha na mzizi mzima. Peroksaidi ya haidrojeni huunguza tishu hai pamoja na vimelea, na sioni sababu ya kuitumia palipo na kisu safi na hewa.

Kuna mmea usiookoka, na ni vizuri kulisema hilo. Phalaenopsis hukua kutoka kwenye ncha moja tu katikati ya majani. Ncha hiyo ikioza, shina hilo halitatoa jani jingine, na tumaini pekee ni chipukizi la pembeni, ambalo halitokei kila mara. Ncha ikiwa nzima, subiri mizizi mipya yenye kichwa cha kijani, ambayo huweza kuchukua miezi, kisha anza mbolea kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na ninyi mnaouza na kununua okidi, acheni vyungu vya mapambo visivyo na tundu chini. Ukishapewa kimoja, kitoboe kabla hujamwagilia mara ya kwanza.